Senetwet ya Mirdif

Mama yangu si mtu wa maelezo. Jirani yetu wa nyumbani alipokuja Dubai kufanya kazi ya ulinzi, mama alimpa kibuyu kitupu cha kutilia maziwa aniletee, na ndani yake alikuwa ametia konzi ya mbegu za senetwet. Hakusema nizifanyie nini. Mtu wa kwetu Bonde la Ufa haambiwi senetwet ni ya nini. Ni kijiti cha porini, kinaota kwenye nyasi za malisho, na maua yake ya manjano husimama wima kama mishumaa. Tunakata matawi, tunayakausha, tunayachoma, kisha mkaa wake tunausugua ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa. Maziwa hayo yakikaa siku kadhaa huwa mursik, na mursik hupewa mtu aliyerudi na ushindi.

Nilijua mama anamfikiria nani. Binti yangu alikuwa anamaliza chuo cha hoteli, na mpango ulikuwa aje kufanya kazi huku. Nilimwacha hajaanza shule. Bibi yake ndiye aliyemlea, na Mama kwake alikuwa huyo bibi. Mimi kwenye simu nilikuwa Mama Dubai, tena kwa adabu nyingi, utadhani anaongea na mwalimu mkuu. Iliniuma, sitaki kudanganya. Nikaapa kwamba siku atakayotua nitampokea na kibuyu mkononi, kama washindi wanavyopokelewa, aone kuwa mimi ni wa kwao.

Madam wangu wa Mirdif, mtaa wa Dubai ninakofanya kazi za nyumbani, alikuwa na bustani ya mawaridi, na hakuna aliyeruhusiwa kuyapumulia. Nikamwomba kipande cha udongo nyuma ya jikoni, chini ya mashine za AC.

"Unataka kupanda nini?"

"Maua ya kwetu, madam."

Na kweli ni maua. Nikazimwagia mbegu maji moto, nikazilaza humo usiku mzima, nikazipanda joto lilipopungua. Zote zikaoza isipokuwa moja. Hiyo moja ikakua kwa fujo mpaka ikafika dirishani. Tatizo ni kwamba majani ya senetwet ukiyagusa yananukia bisi. Watoto wa madam kila wakicheza mpira huko nyuma walirudi jikoni wakidai bisi, na mimi nikakaanga bisi mwaka ule mpaka nikazichukia.

Kisha maua yakatoka. Madam akaacha mawaridi yake, akawa anakunywa kahawa nyuma ya jikoni, AC zikimngurumia kichwani. Akawaita na marafiki zake waje kuona. Nikawapelekea tende huku nikijisikia fahari, na wasiwasi kidogo.

Binti yangu alipotumiwa tiketi, nikachukua mkasi wa bustani nikatoka nje. Sikuwa nimekata hata jani, dirisha likafunguliwa.

"La, la! Khalas, basi, weka chini! Huo ni mti wangu!"

"Wako tangu lini, madam?"

Neno lilishatoka. Madam akaja mwenyewe, na viatu vya ndani. Nikamweleza yote: binti, kibuyu, mkaa.

"Mnatia mkaa kwenye maziwa?"

"Madam, wewe mgeni wako humwachi aende kabla hujamfukiza udi. Mimi wangu nampa moshi wa kunywa."

Alinitazama, halafu akacheka mpaka akashika ukuta. Akaninyang'anya mkasi, akauzunguka mti akitafuta tawi lenye maua machache kuliko yote. Akakata kitawi cha huruma. Nikamwambia hakitoshi. Akakata tawi lingine, akiguna utadhani anakatwa yeye.

Matawi yakakauka upesi, maana jua la hapa halina mchezo. Nikayachoma kwenye jiko la nyama la sir, mume wa madam, nikasugua kibuyu mpaka mikono ikawa myeusi, nikatia maziwa ya dukani yaliyochemshwa na kupoa. Siku yenyewe, dereva wa nyumba akanipeleka uwanja wa ndege. Wenzangu pale walikuwa na mashada na mabaluni. Mimi na kibuyu changu tulitazamwa sana.

Akatokea akisukuma toroli, mrefu kuliko mimi.

"Habari yako, Mama Dubai," akasema, akanyoosha mkono.

Nikakiweka kibuyu kwenye huo mkono. Akakifungua, akanusa, akanywa. Akafumba macho, akanywa tena. Mdomo wa juu ukabaki na masharubu ya kijivu. Halafu akakunja uso.

"Mama, umezidisha mkaa."

Nikambishia palepale, mbele ya watu, kwamba mkaa uko sawa kabisa na yeye ndiye amesahau ladha. Akasema hajasahau. Tukabishana hivyo mpaka garini, yeye amekipakata kibuyu, na mimi nalia bila hata kujificha.