Taa ya Nane

Umewahi kumwacha mtu barabarani, ukajua umemwacha, kisha ukaendelea na safari?

Usijibu haraka. Maingi alijibu haraka, na jibu lake lilimfuata mwaka mzima.

Maingi ni fundi wa akala, viatu vya matairi, katika soko la Kariokor. Mpe kipande cha tairi kuukuu, akipapase macho yamefumbwa, atakuambia kilitoka kwenye lori au pikipiki, kilizoea lami au changarawe, na kama mwenyewe alikuwa mtu wa breki za ghafla. Kutwa hukaa kwenye kigoda, kisu mkononi, akikatia nyayo za watu asiowajua. Lakini Jumamosi ya mwisho wa mwezi hufunga kibanda, akapanda pikipiki yake, akatoka Nairobi pamoja na wenzake kwenda kuona nchi.

Walikuwa wanane, wote wa mitaa hii yetu ya Eastlands. Alikuwapo Selpher, muuza mitumba wa soko la Jericho, mwenye ulimi mkali kama wembe. Alikuwapo Andati wa Mukuru kwa Njenga, mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Na alikuwapo Nzivo, mchonga vinyago, jirani wa Maingi pale Jericho, mlango wa tatu kutoka wake. Pikipiki zao zilikuwa zile zile za kubebea mizigo na abiria siku za kazi. Kwa pikipiki hizo walishuka hadi Magadi, wakazunguka Ol Donyo Sabuk, wakasimama juu ya Bonde la Ufa wakila mahindi ya kuchoma huku mawingu yakipita chini ya miguu yao.

Sheria yao ilikuwa moja. Taa huwashwa hata jua likiwa utosini, na kila mtu hulinda taa iliyo nyuma yake. Usipoiona kiooni, simama. Wa mwisho, waliyemwita mkia, huvaa reflekta, kizibao kinachong'aa cha rangi ya machungwa. Na kabla ya kuondoka mahali popote, wote huita namba zao kwa sauti, kuanzia kiongozi hadi mkia. Katika mji unaomhesabu mwendesha pikipiki siku anapolazwa wodini tu, watu hawa wanane walikuwa wameapa kuhesabiana wakiwa hai.

Maingi alikuwa kiongozi, namba moja. Nzivo alikuwa mkia, namba nane.

Mwezi wa saba mwaka jana walikwenda Kyamwilu, huko Machakos, kwenye ile barabara ya ajabu. Ukimwaga maji pale yanapanda mlima. Ukizima pikipiki, ukatoa gia, ukainua miguu, pikipiki inapanda yenyewe polepole, kama inayovutwa na mtu usiyemwona. Walicheza hapo kama watoto. Nzivo alizima injini yake, akainua miguu, akapanda kimya kimya hadi akapotea nyuma ya kona, mikono ameitanua.

Mvua ilikuwa ikinyemelea kutoka milima ya Iveti. Maingi hakuita namba. Aliangalia kioo, akahesabu taa saba nyuma yake, akainua kidole gumba, wakaondoka.

Alihesabu taa, hakuhesabu watu. Ya saba ilikuwa ya bodaboda mgeni aliyekuwa akienda zake sokoni.

Karibu na Mutituni, mgeni yule alikata kona. Andati, aliyekuwa mbele yake, akasimama na kupiga simu. "Kiongozi, Nzivo hayupo nyuma yangu."

Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kugonga helmeti. Maingi akasema, "Ameniambia anapitia kwa dada yake hapo Mutituni. Twendeni."

Nzivo hakuwa amemwambia neno.

Wachungaji wa mbuzi walimkuta jioni ndani ya mtaro nyuma ya kona ile, mguu umevunjika, damu imemtoka sana, pikipiki imemlalia. Alifariki kabla ya asubuhi.

Uongo wa maneno machache una miguu mirefu. Pale matangani, dada wa Nzivo aliapa kwamba hakumtarajia ndugu yake siku hiyo. Kavinya, mjane wa Nzivo, alimsikiliza hadi mwisho. Hakulia tena. Alitia akilini kwamba kama mumewe hakuwa akienda kwa dada, basi Mutituni alikuwa na mwanamke. Akaifunika pikipiki ya Nzivo kwa turubai barazani, akaondoa picha yake ukutani, akakataa kumwekea msalaba kaburini. Watu wakinong'ona sokoni, yeye mwenyewe huwamalizia: "Semeni tu. Alikufa akienda kwa mwingine."

Maingi aliyasikia hayo yote, akanyamaza. Alichofanya ni kumwachia Andati uongozi, akavaa yeye reflekta ya mkia, namba saba. Alidhani hiyo ni toba.

Jumamosi iliyopita walikwenda Kyamwilu kuukumbuka mwaka. Walipitia barabara ya Kangundo, wakasimama Tala kunywa chai. Andati alivua helmeti huku akicheka.

"Niaje, wazee? Leo tumepata mgeni? Nimehesabu taa saba nyuma yangu."

"Sisi wote ni saba, buda," Selpher akamjibu. "Nyuma yako ni sita. Hiyo hesabu mlifundishwa kiwandani na mapipa ya sabuni?"

"Saba, Selpher. Nimehesabu mara mbili."

"Basi macho yako yanahitaji kufuliwa."

Wakacheka. Maingi hakucheka. Tangu Kamulu alikuwa ameiona hiyo taa kwenye kioo chake, yeye ambaye nyuma yake hapakupaswa kuwa na mtu. Akipunguza mwendo, nayo hupunguza. Akigeuza kichwa, barabara tupu. Akirudi kiooni, ipo. Ilikuwa ya manjano, imeinama kidogo kushoto, kama mtu anayetega sikio. Na taa iliyoinama kushoto aliijua. Alikuwa amemwambia Nzivo mara mia ainyooshe.

Huko Kyamwilu hakuna aliyetaka kucheza. Waliegesha pikipiki kando, wakasimama kwa sala. Upepo uliacha kuvuma. Selpher alimimina maji ya chupa barabarani kwa heshima ya marehemu, nayo maji yakapanda, yakapinda, yakaelekea kona ile.

Maingi alikuwa akiangalia chini. Kwenye vumbi la kando palikuwa na michoro ya matairi waliyoacha wakiegesha. Akaisoma, kwa maana ndiyo kazi yake. Huu wa Andati, umeisha katikati. Huu wa Selpher, mpya. Huu wangu. Akafika wa saba, na mchoro wa nane ukawa umelala nyuma ya wake, safi, na pembeni una mkato wenye umbo la ndoana.

Mkato huo aliwahi kuutia kidole. "Litoe hilo tairi," alimwambia Nzivo siku moja kibandani, "nikushonee akala." Nzivo alikataa, akasema bado lina safari ndani yake.

Tairi lile liko Jericho, chini ya turubai, na betri ya pikipiki ile Maingi aliitoa yeye mwenyewe.

"Mkia, mbona umepauka?" Selpher akauliza.

"Jua tu."

"Jua gani? Kuna mawingu."

Andati akaita namba. Moja, mbili, hadi Maingi akasema "saba". Namba ziliishia hapo. Lakini kila mmoja alisimama akisubiri, kama watu waliozoea kwamba bado kuna mtu hajasema. Walisubiri muda mrefu kupita kiasi. Ndipo Andati akakohoa, wakapanda.

Waliporudi kwa barabara ya Mombasa, malori yakiwapita kwa kishindo, taa haikumwacha. Athi River ipo. Mlolongo ipo. Wenzake walitawanyika mmoja mmoja kwenye mataa ya mjini, na Maingi akaingia Jericho peke yake, saa kumi na mbili jioni, na ile taa nyuma yake ikaingia naye kwenye ujia mwembamba kati ya nyumba. Alipofika mlango wa Kavinya, ikazimika.

Angeweza kupita. Milango mitatu tu na angekuwa kwake. Alisimama.

Kavinya alitoka na ungo wa maharagwe. "Karibu, shemeji. Mmefika salama?"

"Tumefika. Shemeji, nina neno."

"Sema. Mimi huambiwa kila kitu siku hizi."

Maingi alivua helmeti. "Mzee wako hakuwa akienda Mutituni."

Mikono ya Kavinya ikaacha kuchambua.

"Hakuniambia chochote. Mimi ndiye niliyesema hivyo, kwenye simu, ili tusirudi nyuma na mvua. Nilihesabu taa ya mtu mwingine, nikamwacha. Alikuwa hatua chache tu, nyuma ya kona. Amezima injini, anacheza."

"Alikuwa hai mlipoondoka?"

"Walisema walimkuta jioni, bado yu hai."

"Kwa hiyo alisikia pikipiki zenu zikienda."

 Maingi aliinamisha kichwa, akaitikia hivyo hivyo.

Kavinya aliangalia turubai pale barazani. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo, ya msichana. "Hakuwa akienda popote."

"Alikuwa anarudi nyumbani."

"Mwaka mzima nimemtukana mtu aliyekuwa anarudi nyumbani." Akamtazama Maingi usoni. "Na wewe ulikuwa hapo, mlango wa tatu, unanisikia."

Akaingia ndani, akafunga. Maharagwe yalibaki nje kwenye ungo.

Usiku huo Maingi hakulala. Alituma ujumbe kwenye kundi lao, akaandika yote bila kujipamba, akaizima simu ili asione majibu.

Asubuhi ya Jumapili, kengele za ibada ya kwanza zikilia, alifungua mlango. Pikipiki yake ilikuwa imesimama mbele ya nyumba kama alivyoiacha. Ujia wa Jericho hapo kwao una mteremko. Maji ya kufulia hushuka kutoka kwa Maingi hadi mlango wa Kavinya, na hakuna aliyewahi kusema vingine.

Chini kule, Kavinya alikuwa ameondoa turubai. Alivaa gauni lake la kanisani. Ndani, kupitia mlango wazi, picha ya Nzivo ilikuwa imerudi ukutani. Aliifuta pikipiki kwa kitambaa chenye maji, taratibu, tanki, kiti, taa iliyoinama kushoto, kama anayemwosha mtu uso. Kisha akaisukuma hadi katikati ya ujia. Kavinya hajui kuendesha. Alikaa tu kitini, akashika usukani, akainua miguu yote miwili.

Pikipiki ikaanza kupanda.

Haikuwa na betri wala tone la mafuta. Ilipanda polepole bila sauti, matairi yakiminya maji machafu ya mfereji, na maji yale nayo yakageuka, yakapanda pamoja nayo. Jirani mmoja aliyekuwa akipiga mswaki nje alibaki na mswaki mdomoni. Kavinya hakushtuka. Alikuwa amefumba macho, machozi yakimtiririka, na uso wake umetulia kama wa abiria aliyemshika mtu kiuno.

Ilipofika nyuma ya pikipiki ya Maingi, ikasimama kwa umbali ule ule ambao mkia huuweka. Kavinya akashusha miguu, akafumbua macho.

"Mhesabu," alisema.

Maingi alikwenda hadi pale. Aliweka kiganja juu ya ile taa. Ilikuwa na joto. Akavua reflekta ya machungwa aliyokesha nayo, akaifunga kwenye usukani, na pale katikati ya ujia, majirani wakitoka milangoni mmoja mmoja, akaanza kuita namba kwa sauti, moja hadi saba, bila kuruka.

"Nane," akasema, na taa ikapoa chini ya mkono wake.