Dua Niliyoipa Pole

Bi Zuhura alileta kwenye duka langu la kompyuta, karibu na stesheni ya Tabora, flashi yenye dua aliyoiandika marehemu baba yake kwa Kiarabu. Ilitakiwa isomwe kwenye hitima ya mzee jioni hiyo. Nilipoifungua, nikaona herufi za Kizungu zenye vikofia, zisizosomeka. Mimi, mwalimu wa wateja wote, nikazima redio, nikamshika mkono.

"Pole sana, mama. Virusi vimeila yote."

Akalia. Ili tu aamini kwamba haiponi, nikabadilisha mfumo wa herufi uwe wa Kiarabu. Maneno ya mzee yakajipanga kutoka kulia, mazima kabisa. Bi Zuhura akasoma mistari miwili kwa sauti, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, ile pole ilikuwa ya nini?"