Kura Moja ya Jengo Letu

Kaa kwanza, sikia hii. Jumamosi jamaa wa chama alikuja jengo letu la mtaa wa Greyville, huku ugenini, kutafuta kura. Maji ilikuwa imekatika wiki mbili, basi wamama wetu wa Kongo walivaa vitenge, wakapanga mstari mlangoni, wakaimba na kupiga makofi, vile chama kinapokelewa kwetu.

Jamaa akafungua karatasi. "Nani iko na kitambulisho cha hapa?"

Wimbo ikakatika. Karatasi ya ukimbizi haipigi kura. Bibi mzungu wa etaji ya pili, ghorofa ya juu yangu, peke yake ndiye alinyoosha mkono.

"Zamani jengo lote hili lilikuwa kura," jamaa akasema. "Sasa wenye kura wamehamia Morningside, kwa matajiri. Huku tunapoteza miguu tu."

"Papa, na maji yetu?" mama mmoja akauliza.

"Nitapigania maji ya huyu bibi."

Tukapumua, maana bomba ni moja. Eish, jengo zima tunakunywa kwa kura ya bibi!

Jana bibi akaniita. "Kijana, nahamia kwa binti yangu. Njoo unibebee kabati."

Wewe ungebeba?