Zimwi la Sehemu ya Nne

Miaka ile ya utawala wa kijeshi nilirudi Kampala baada ya kuzurura kwingi, nikakimbilia sinema yangu ya zamani. Zimwi lililoninyima usingizi ujanani lilikuwa limefikia sehemu ya nne. Takataka! Katika filamu ya kwanza tuliona kivuli chake tu, tukatetemeka. Sasa lilicheza dansi, zipu ya mgongoni ikionekana.

Hasira ikanipanda. Nikamgeukia jirani yangu, bwana mwenye shati la maua, aliyekuwa akicheka peke yake.

"Ndugu, mjinga gani kaleta uchafu huu? Mhindi wa zamani asingethubutu. Tangu wamfukuze, sinema kapewa mbumbumbu."

"Mbumbumbu kabisa?" akauliza, akinikaribisha karanga.

"Kabisa! Hajui filamu, hajui watu." Nikala karanga zake.

Taa zikawaka, watu wakatoka. Mfanyakazi wa mlangoni akaja mbio, akampigia jirani yangu saluti.

"Afande, filamu imekwisha. Tufunge?"

"Hapana funga. Huyu mzee hapana fahamu sinema yangu. Anza tena, toka mwanzo."

Nikaketi. Kila Afande aliponitazama, nilipiga yowe la hofu.