Televizyo Ile Mama Alibeba

Mama alianguka kinyumanyuma mu njia ya kupanda Kalembe. Televizyo yenye alibeba kwa mugongo ilimuvuta kwa kamba ya kubebea, ile inapita kwa paji la uso, shingo yake ikavunjika. Mimi nilikuwa mutoto, nyuma yake, na beseni ya maharagi kichwani.

Leo, mu butiki moja ya Mweso, muuzaji alifungua boksi ya karato ya televizyo ya plat, ile nyembamba, ikanuka plastiki mupya, akaniambia:

"Papa, gusa. Iko nyepesi, hata mutoto anaibeba. Na haikuli umeme mingi. Zile za zamani zilikuwa friji, si televizyo."

Watu wakacheka. Mimi nikatoka inje.

Ile yetu ilikuwa ya zamani. Uzito wake ulikuwa mu kioo, kwa hiyo ukiibeba, kioo kinalala kwa mugongo wako. Mama alijua, maana kila tukikimbia vita njo yeye alikuwa anaibeba. Siku ile watu wa bunduki walimulazimisha awabebee. Kamanda wao akaigeuza, kioo kikaangalia inje.

"Jasho yako itachafua kioo yangu."

"Afande, itanivuta nyuma."

"Tembea, mama."

Walikuwa wamekuja kwetu moja kwa moja, bila kuingia nyumba ingine. Chef wa kijiji chetu njo aliwaonyesha mulango, nilimuona na macho yangu. Mpaka leo anakaa kiti cha mbele kanisani. Kamanda naye iko hai, na watu wanamuita mheshimiwa.

Siombi pole. Nataka wote wawili wasimame mbele ya juge, kortini, waseme mama yangu alikufa juu ya nini.