Siku Niliyowafungulia Kondoo wa Wenyewe Geti

Nawaambia hii stori mwenyewe kwa sababu Mwende ameshamwambia dada yake, na dada yake mnamjua, mdomo wake hauna breki, kwa hivyo kabla ya Jumapili Kitengela yote itakuwa imesikia, na afadhali muisikie kwangu. Chekeni mkitaka. Mimi kucheka sina nguvu, nimechoka na hiyo aibu vile mtu anachoka na jino linalouma.

Mnajua Mwende wangu ni nesi huko Scotland. Septemba iliyopita alinitumia tiketi akaniambia, "Mama, tangu baba atuache hujapumzika. Funga duka uje." Na kweli duka lilikuwa limenimaliza. Kuuza chakula cha mifugo wakati wa ukame si kazi ya mtu mwenye roho, wafugaji walikuwa wanatoka Kajiado huko ndani kuniuliza kama niko na nyasi kavu, na mimi sina, na nje kando ya barabara ng'ombe wamelala hawaamki tena. Mvua ilikuja baadaye, sawa, lakini hizo picha hazikutoka kwa kichwa. (Sisemi hivi kujitetea. Ama labda ninajitetea kidogo.)

Sasa Mwende, badala ya kuniacha nilale kwa nyumba yake yenye joto, akasema tuende likizo fupi kwa kisiwa fulani kaskazini kabisa, ati kumetulia. Tukapanda gari, tukapanda treni, tukapanda meli ambayo ilinitapisha mpaka nikaanza kutubu dhambi za ujana wangu, halafu meli nyingine ndogo zaidi. Tukafika. Hakuna mti hata mmoja. Nyumba moja hapa, nyingine kule mbali, katikati ni upepo, na huo upepo, jamani, mimi nilikuwa nadhani nimeona upepo pale Kona Baridi, kumbe ule wa kwetu ni wa kupepea chai. Watu ni wachache hivi kwamba ukikutana na mtu barabarani anasimama kukusalimia na kukuuliza umetoka wapi, na mpaka jioni kisiwa kizima kinajua kuna mama Mkenya amekuja. Mwenye nyumba tuliyokodi alikuwa nyanya mmoja anaitwa Ina, mjane kama mimi, mkarimu sana, ingawa Kizungu chake kilikuwa kinapitia puani na Mwende ndiye alikuwa ananitafsiria.

Asubuhi ya pili niliamka mapema kama kawaida yangu, nikamwacha Mwende amelala, nikavaa gumbuti zake na koti lake refu, nikatoka kutembea. Nikaona ukuta. Ukuta wa mawe, umezunguka kisiwa chote kando ya bahari, hauna mwanzo hauna mwisho. Huku ndani nyasi ni kijani, nyasi ya magoti, nyasi ambayo mfugaji wa Kajiado angepiga magoti ashukuru Mungu, na ng'ombe wachache wanene wanachagua tu. Huko nje ya ukuta ni mawe na mawimbi. Na kwenye hayo mawe, kondoo. Kondoo wadogo, wamekonda machoni pangu, wamelowa, wanakula yale majani ya bahari yanayoteleza kama makamasi.

Nikasimama pale. Nikasema, Bwana Yesu, huyu mwenye mifugo ni mtu wa aina gani? Maji yanawapiga, nyasi wanaiona hapo na wamefungiwa nje! Nikamtafuta mwenyewe kwa macho, nikatafuta mchungaji, hakuna mtu. Mbele kidogo kulikuwa na geti ya mbao imefungwa na kamba.

Kamba tu. Si kufuli.

Nikaifungua.

Nia yangu ilikuwa wale kidogo halafu niwarudishe, haki ya Mungu. Nikapiga mluzi, yule wa mbele akaniangalia kama askari anakagua kitambulisho, akapita, na wengine wakamwagika nyuma yake mpaka nikashindwa kuona mwisho. Walipotulia wakaanza kula, nikafurahi vile sijafurahi tangu ukame. Nikafunga geti vizuri (ndiyo, niliwafungia ndani, ili wasirudi kwa hiyo baridi), nikaimba pambio nikirudi nyumbani, nikijiona mtakatifu kabisa.

Nikakuta Ina amepika uji, anatuambia leo tuende naye kwa ukumbi, kwa sababu daktari anakuja na ndege na ni siku ambayo watu wote wa kisiwa wanakutana, hata wasio wagonjwa. Hapo ningesema. Mdomo ulikuwa umejaa uji, halafu mambo ya ndege yakaingia, halafu nikasahau.

Ukumbini kulikuwa na wazee wengi na chai nyingi. Karibu nami alikaa mama mmoja mzee sana, kifua kinamsumbua, kila pumzi unaisikia ikipanda kama mtu anayebeba maji mlimani. Mwende kwa unesi wake akamshika mkono, akaniambia kwa Kiswahili, "Huyu anahitaji daktari leo." Ndege ikasikika. Tukatoka nje kuiangalia, kitu kidogo kama pikipiki yenye mabawa, ikashuka, ikashuka, halafu ikapanda tena ghafla. Ikazunguka. Ikajaribu tena. Ikapanda.

Uwanja wa ndege wa pale ni shamba tu la nyasi lenye kibanda. Na kwenye hiyo nyasi, katikati kabisa, walikuwa kondoo wangu.

Mtu akapiga kelele. Sikuhitaji kutafsiriwa.

Ndege ikaenda zake. Watu wote wakageukia ukuta, wakawa wanaulizana, ukuta umeanguka wapi, dhoruba gani, na mzee mmoja mrefu anaitwa Tam, ambaye wengi wa hao kondoo walikuwa wake, akasema labda geti ya kaskazini ilifunguliwa na upepo. Nikaona mlango wa kuokokea. Aki ningeweza kunyamaza. Upepo wa pale ungeshtakiwa kwa chochote na mtu angeamini. Lakini yule mama mgonjwa alikuwa amesimama mlangoni ameshikilia fremu, anahema, macho yamefuata ile ndege mpaka ikapotea.

"Mwende," nikasema, "waambie ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilifungua geti. Niliwaonea huruma."

Mwende alifunga macho hivi. "Mama. Woi, Mama." Halafu akatafsiri, na nilijua amefika kwa lile la geti kwa sababu kila mtu aliangalia gumbuti zangu.

Hakuna aliyenitukana. Ningependelea wangenitukana. Ina akaniambia polepole, kama unavyoambia mtoto, kwamba hao kondoo tangu mababu wanaishi kwa majani ya bahari, ndiyo chakula chao, miili yao imeyazoea, na nyasi nyingi inaweza kuwatia sumu. Huo ukuta hawakujengewa kwa unyama. Huo ukuta ndio umewaweka hai.

Basi tukatoka wote kuwafukuza. Nasema wote, wazee wenye fimbo, wamama wenye sketi za kwenda kanisani, mhudumu wa posta, mimi. Na hao si kondoo wa kwetu wanaojua mchungaji, hao wanakimbia kama swala, wanagawanyika, wanakuzunguka na kukuchungulia kutoka nyuma. Nikafikiri, wacha niwasaidie, si mimi ninatoka Kajiado, nikapiga ile kelele na mluzi wa vijana wa Kimaasai kwa sauti yangu yote. Kondoo hawajawahi kusikia kitu kama hicho maishani. Walilipuka. Wengine walirudi uwanja wa ndege, ambao tulikuwa tumeshausafisha, na mmoja, jike, akaruka ukuta, akaanguka upande wa pili kwenye mawe, na nilisikia mguu ukivunjika. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeteleza, nimekaa kwa matope mpaka kiunoni, koti la Mwende limenifunika kichwa.

Nilipotoa kichwa nilimwona Tam amepiga magoti kando ya huyo kondoo, amemwekea mkono shingoni. Hakuniangalia. Aliniambia tu, na hiyo nilielewa bila Mwende, "Tafadhali usipige kelele tena."

Tulimaliza alasiri. Ndege ilirudi, daktari akashuka, yule mama akapata dawa na akapelekwa hospitali na hiyo ndege, na asante Mungu, alipona. Kondoo wengine nao hawakuugua. Lakini yule jike alichinjwa, na kwa sababu pale hawatupi kitu, jioni ilipoanza kuingia walimpika palepale ukumbini, na Ina akaja kutuchukua. Nilimwambia Mwende mimi siendi, naumwa. Akaniambia, "Usipoenda, hicho ndicho watakumbuka."

Kwa hivyo nikaenda. Nikakaa kwa benchi, nikakula nyama ya kondoo ambaye nilimuua kwa huruma yangu, mbele ya watu niliowakimbiza siku nzima, na hakuna nyama tamu kama ile, hiyo ndiyo ilinivunja zaidi. Nikatokwa na machozi juu ya sahani. Tam alikuwa ameketi mbele yangu. Aliniangalia kidogo, akamuuliza Mwende kitu, Mwende akamweleza kuhusu ukame, ng'ombe barabarani, duka. Mzee akasikiza mpaka mwisho. Halafu akakata kipande kizuri kwa sahani yake akaniwekea.

"Anasema kula," Mwende akasema. "Anasema umekimbia sana."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na dada yake Mwende akiwaongezea chumvi mjue ni yake. Mimi nimeapa: nikikuta mnyama mahali sipajui, hata akilia namna gani, sigusi kamba ya mtu. Nitamtafuta mwenyewe kwanza nimuulize. Na nikimkosa, nitakaa hapo chini na huyo mnyama, tungoje sisi wawili.