Dirisha la Dawa, na Kodeini Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ndogo ya Laini Saba, mfamasia mkuu alinikabidhi sahani ya kuhesabia vidonge. "Rose," akasema, "kwanza muulize mgonjwa anatumia dawa gani nyingine. Halafu ndiyo ufungue kopo." Nilikuwa mtoa dawa: daktari anaandika, mimi nasoma, napima, naeleza.

Mwaka wangu wa kumi na mbili kazini niliteleza kwenye tope kule Kisumu Ndogo, nikaumia mgongo. Nikaandikiwa kodeini ya siku tano. Ni dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, lakini hafifu, ndiyo maana hatukuiogopa. Mgongo ulitulia, na moyo nao ukatulia. Siku tano zikawa miezi minane. Ya zahanati sikuigusa. Nilizunguka maduka ya dawa, kila duka na uongo wake.

Nikahamishiwa Kawangware. Asubuhi moja Wafula, fundi wa kuchomelea vyuma, aliinama dirishani akanong'ona: "Sista, nikikosa hizo kodeini napiga miayo tu, jasho inanitoka, miguu haitulii. Nisaidie niwache."

Nilishtuka. Alikuwa ananisimulia mimi mwenyewe. Nikamjibu foleni nzima ikisikia, "Huo ni ulevi! Jikaze!" Akaondoka bila kuinua macho.

Mchana nilifunga dirisha. Niliingia kwa daktari msimamizi, mama wa maneno machache, nikamweleza yote.

"Unameza ngapi kwa siku?"

"Zaidi ya kumi."

"Usiache ghafla. Tutapunguza kidogo kidogo. Na dirishani utatoka mpaka tumalize."

Ilichukua wiki tisa. Kila kipimo kiliposhuka, pua ilitiririka, tumbo likaharisha, usingizi ukanikataa. Dada yangu alinipikia uji, nikautapika. Daktari alipiga simu kila Jumatatu.

"Umeamkaje?"

"Nimeamka nikilia."

"Lakini umeamka."

Niliporudi kazini nilimtafuta Wafula mpaka kwenye karakana yake. Wenzake walisema aliacha kazi. Hakuna aliyejua alikoenda.

Sasa nimestaafu, na ninyi vijana ndio mko dirishani. Mgonjwa akinong'ona, msogelee. Mimi nilipaza sauti ili nijifiche, nikamfukuza mtu aliyekuja kuomba msaada uleule niliopewa mimi siku hiyohiyo, chumba cha pili tu, kwa daktari.